Kabla ya upasuaji wa mkojo unaovuja: damu isiyoonekana kwenye pedi

Upasuaji wa kuweka mkanda chini ya mrija wa mkojo, kwa mwanamke anayevujwa na mkojo akikohoa au kucheka, hauchukui muda mrefu. Wengi huruhusiwa siku ileile au kesho yake. Kutokwa na damu nyingi baada yake ni nadra, lakini kukitokea, huenda mgonjwa keshafika nyumbani.

Wagonjwa huiogopa damu ya kwenye pedi. Mimi naiogopa zaidi ile isiyotoka. Katika njia moja ya kuweka mkanda huo, sindano hupitishwa nyuma ya mfupa wa kinena, penye vena nyingi (mishipa inayorudisha damu kwenye moyo), na daktari huongozwa na mkono, si macho. Vena ikitoboka, damu hujikusanya humo ndani huku pedi ikiwa karibu safi. Kwa hiyo wewe na atakayekuuguza mzijue dalili mapema: maumivu chini ya kitovu yanayozidi badala ya kupungua, kinena kuvimba au kuwa cheusi, mkojo kugoma, kizunguzungu ukisimama. Jifunzeni pia kuhesabu mapigo ya moyo. Yakizidi 100 kwa dakika nawe umelala tu, rudi hospitali, hata kama presha iko sawa. Mtu mwenye afya anaweza kupoteza robo ya damu yake presha isishuke. Pedi ikilowa yote ndani ya saa moja, au yakitoka mabonge makubwa, usingoje asubuhi.

Dawa unazotumia zitajwe zote kwa daktari, maana nyingine huzidisha kutokwa na damu: aspirini, klopidogreli, wafarini, dawa za maumivu kama diklofenaki, hata vidonge vya kitunguu saumu (hivi ndivyo watu husahau, kwa kuwa "si dawa"). Usijiachishe mwenyewe, mwenye vali bandia ya moyo akiacha wafarini kiholela anaweza kupata kiharusi. Mweleze daktari pia kama uliwahi kutokwa na damu sana ulipojifungua au ulipong'olewa jino.

Uliza kundi lako la damu limepimwa lini, damu ya kuongezewa ipo wapi, na usiku nani hupokea simu. Uliza pia watafanya nini damu ikigoma kukata. Kwa kawaida huanza kwa kukandamiza, kujaza shashi ukeni na kuweka katheta (mrija wa kutoa mkojo), huku wakifuatilia wingi wa damu na kupiga picha ya ndani ya mwili kwa ultrasaundi au mashine ya CT. Usishangae wakisita kukufungua: damu iliyojikusanya pale huibana vena yenyewe, na ukiifungua haraka unaondoa kizuizi hicho. Ila hali ikizidi kuwa mbaya, mshipa huzibwa kwa kupitia ndani yake, au tumbo hufunguliwa.

Usiku wa kwanza usilale peke yako nyumbani. Weka karibu na simu karatasi yenye jina la upasuaji, saa uliyofanyiwa, kundi la damu na dawa zako. Na usafiri upangwe mchana, kabla hujauhitaji.