Msimu wa Kwanza wa Mtoto Katika Klabu ya Kuogelea Nairobi: Kazi ya Mzazi Hatua kwa Hatua

Mtoto akishapandishwa kutoka darasa la kujifunza hadi timu ya mashindano, kazi hugawanyika mara mbili. Majini ni kwake na kwa kocha. Nchi kavu ni kwako mzazi, na nchi kavu ina mengi: fomu, ada, baridi ya Julai, foleni ya Thika Road, miwani inayovuja. Mbio nyingi za watoto huharibikia huku nje kabla kipenga hakijalia, na ndiyo sababu mwongozo huu haufundishi mtindo wowote wa kuogelea.

Hatua ya 1: Pata kalenda kabla ya kulipa

Klabu za Nairobi huchanganya watoto wa shule za mtaala wa Kenya, ambao mwaka wao huanza Januari, na wa shule za kimataifa, ambao mwaka wao huanza Agosti au Septemba. Kwa hiyo mashindano yanayowafaa wa upande mmoja huweza kuangukia wiki ya mitihani ya wengine. Omba orodha ya mashindano ya msimu mzima, kisha uiweke kando ya kalenda ya shule. Mtoto akiwa Gredi ya 6 au ya 9, mitihani ya KPSEA na KJSEA hufanywa mwishoni mwa mwaka, kwa hiyo mweleze kocha tangu mwanzo. Ujumbe mfupi unatosha:

"Habari ya jioni, Kocha. Mimi ni Mama Wanjiru, wa kundi la saa kumi. Naomba kujua mashindano ya muhula huu na tarehe za mwisho za kujiandikisha. Mwezi wa kumi na moja ana mtihani, kwa hiyo tungependa apumzike kidogo wakati huo. Asante."

Kwa msimu wa kwanza, shindano moja kwa mwezi linatosha. Ukimpeleka kila Jumamosi, hapati nafasi ya kurekebisha kosa alilolifanya Jumamosi iliyopita.

Upande wa pesa, uliza kila ada peke yake: ya mafunzo, ya kuingia bwawani (mara nyingi hulipwa mlangoni na haimo katika ada ya kocha), ya uanachama, ya kila mbio kwenye shindano, na ya kofia na fulana ya klabu. Ukilipa kwa M-Pesa, andika jina la mtoto kwenye nafasi ya namba ya akaunti. Mweka hazina huona jina la mwenye simu, na usipofanya hivyo ada ya Wanjiru itabaki kwa jina la baba ambaye hakuna amjuaye pale klabuni. Usifute ujumbe wa malipo mpaka msimu uishe.

Kuna maswali mengine mawili ambayo hupaswi kuyaonea haya. Je, wakati wa mazoezi kuna mwokoaji asiye kocha? Kocha anayefundisha watoto ishirini hawezi kuwa jicho la kila leni. Na je, nani huingia chumba cha kubadilishia nguo? Klabu nzuri hujibu bila kusitasita: hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto, na simu hazitumiwi humo ndani. Mtoto akikueleza jambo linalokutia wasiwasi, msikilize hadi mwisho, na kumbuka kwamba namba 116 ya msaada kwa watoto hupigwa bila malipo.

Hatua ya 2: Elewa umri na muda wa kuingilia

Watoto hushindana kwa makundi ya umri, na tangazo la shindano ndilo linaloamua umri unahesabiwa vipi. Wengine huhesabu umri wa siku ya kwanza ya shindano, wengine umri atakaokuwa nao Desemba 31. Mtoto mwenye siku ya kuzaliwa Novemba anaweza kuwa kundi la miaka 10 kwenye tangazo moja na la miaka 11 kwenye lingine, mwezi huohuo. Weka picha ya cheti chake cha kuzaliwa kwenye simu.

Fomu itataka muda wake bora kwa kila mbio. Hapa wazazi wengi huchanganya mabwawa. Mita 50 katika bwawa la mita 25 zina mgeuko mmoja, na kusukuma ukuta kunaongeza kasi. Katika bwawa la mita 50, kama la Kasarani, hakuna ukuta wa kumsaidia njiani. Kwa hiyo muda wa bwawa refu kwa kawaida huwa mrefu zaidi, na si dalili kwamba mtoto amerudi nyuma. Nunua daftari dogo lenye safu nne: tarehe, urefu wa bwawa, mbio, muda. Kama hajawahi kupimwa, kocha ataandika NT, yaani hana muda, na atawekwa kwenye hiti za mwanzo (hiti ni kundi la waogeleaji wanaoanza pamoja). Usimpunguzie muda ili apangwe na wenye kasi: ataachwa nyuma peke yake mbele ya watu wote, na hilo mtoto hulikumbuka.

Mbio tatu kwa siku zinamtosha aliye chini ya miaka kumi.

Hatua ya 3: Andaa begi, na uanze na miwani

Miwani ndiyo kifaa kinachoharibu mbio nyingi kuliko kingine chochote. Ukiwa dukani, bonyeza miwani kwenye macho ya mtoto bila kuvuta mkanda nyuma ya kichwa, kisha uachilie. Ikishika kwa sekunde chache, inamfaa. Ikidondoka mara moja, hakuna kukaza mkanda kutakakoizuia kuvuja. Mkanda ukikazwa kupita kiasi huipinda fremu na kufungua nafasi karibu na pua. Usipanguse ndani ya lenzi kwa kidole, maana utaondoa utando unaozuia ukungu. Na miwani mpya isianze kazi siku ya shindano. Ipewe angalau wiki moja ya mazoezi, ikiwamo kuruka kutoka jukwaani, kwa sababu miwani inayokaa vizuri wakati wa kuogelea huweza kung'oka wakati wa kuruka. Kofia ya pili juu ya mkanda husaidia.

Begi liwe na miwani miwili, kofia mbili, vazi la kuogelea la akiba, taulo mbili, suti ya michezo, soksi, malapa, chupa ya maji na kalamu isiyofutika kwa maji. Andika jina kwenye kila kitu. Kofia za klabu zote zinafanana.

Nywele zinataka mpango wake. Rasta na misuko mirefu haitoshei kofia ya kawaida. Tafuta kofia pana. Kofia za aina hiyo kutoka kampuni ya Soul Cap zilikataliwa kwa Olimpiki mwaka 2021, na shirikisho la dunia likaziidhinisha mwaka 2022, kwa hiyo mtoto ana haki ya kuvaa kofia inayomtosha. Kabla ya mazoezi lowesha nywele kwa maji safi ya bomba, maana nywele zilizokwisha kushiba maji hunyonya klorini kidogo. Mafuta yapakwe baada ya kutoka na kuoga. Uso uliopakwa mafuta kabla ya kuingia hufanya miwani iteleze.

Hatua ya 4: Pambana na baridi

Kanuni za mashindano ya kimataifa zinataka maji yawe kati ya nyuzijoto 25 na 28. Mabwawa mengi ya Nairobi hayapashwi moto, na kuanzia Juni hadi Agosti asubuhi maji huwa chini ya hapo. Mtoto mwembamba hupoteza joto haraka. Kutetemeka kidogo ni kawaida. Akishindwa kufunga vidole, akizungumza kwa kukokota maneno, au kucha na sehemu ya ndani ya midomo zikibadilika rangi, mtoe majini hata kama seti haijaisha. Hakuna kocha mwenye busara atakayekataa.

Akitoka, kosa la kawaida ni kumfunika taulo juu ya vazi bichi. Vazi hilo linaendelea kumnyonya joto. Livue kwanza, mkaushe, mvishe soksi na kofia ya sufu, ndipo umpe uji au chai kutoka kwenye chupa. Na Nairobi iko juu, karibu na ikweta: hata mawingu yakitanda, mpake mafuta ya kukinga jua mabegani na mgongoni anaposubiri zamu yake.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Tazama saa ya kupasha mwili moto, si saa ya mbio ya kwanza. Kama ni saa moja asubuhi Kasarani na mnatoka Rongai au Karen, muwe barabarani kabla ya saa kumi na mbili. Mtoto anayekosa kupasha mwili huingia mbio ya kwanza bila kulijua bwawa: hajui jukwaa linateleza kiasi gani wala ukuta uko wapi.

Mlishe muda wa saa mbili au tatu kabla ya mbio: uji, mkate, viazi vitamu, kile alichozoea. Kati ya mbio moja na nyingine mpe ndizi na maji kidogo kidogo. Chipsi zisubiri safari ya kurudi.

Ukipata programu, mwandikie kwenye mkono wa mbele, kwa safu tatu: namba ya mbio, hiti, leni. Kwa mfano 14 – 3 – 5 ni mbio ya 14, hiti ya tatu, leni ya tano. Andika kabla ya kumpaka mafuta ya jua, la sivyo wino hautashika. Aende mwenyewe kwenye eneo la kuitwa, mbio kama tatu hivi kabla ya yake.

Mfundishe nyumbani lugha ya kipenga. Vipenga vifupi kadhaa: vua suti, vaa miwani. Kirefu kimoja: panda jukwaani. Kwa mtindo wa mgongo, kirefu cha kwanza ni kuingia majini na cha pili ni kushika nafasi ukutani. Halafu amri ya kujiweka tayari, kimya, mlio. Anayeondoka kabla ya mlio hufutwa, hakuna nafasi ya pili.

Hatua ya 6: Jua kwa nini mtoto hufutwa

Herufi DQ kwenye matokeo humaanisha amefutwa. Kwa mwanafunzi mpya hutokea, na karibu kila mara sababu ni mojawapo ya hizi.

Kwenye mtindo wa kifua, anagusa ukuta kwa mkono mmoja. Kanuni inataka mikono miwili iguse kwa wakati mmoja, ikiwa imeachana, kwenye kila mgeuko na mwishoni. Sababu nyingine ni mguu mmoja kukata maji kama mkasi badala ya kugeuza wayo nje. Mara nyingi kifundo kimoja hakijalegea, na kocha anaweza kumpa zoezi la kufanya akiwa amekaa sakafuni.

Kwenye kipepeo, mikono miwili iguse vilevile, na miguu ipige pamoja. Mtoto aliyechoka hupiga miguu kwa zamu mita kumi za mwisho, na refa wa mtindo huwa anangojea hapohapo.

Kwenye mgongo, anageukia tumboni kuutafuta ukuta wa mwisho. Lazima amalize akiwa chali. Bendera zinazoning'inia mita 5 kabla ya ukuta zipo kwa ajili hiyo: ahesabu mikono yake kutoka benderani hadi ukutani, aikariri hesabu hiyo. Bwawa la mazoezi lisilo na bendera humnyima hesabu, kwa hiyo wazazi wanaweza kuchanga kamba na vitambaa, kocha akaifunga.

Mtindo huru una uhuru mwingi, lakini asivute kamba ya leni, na lazima aguse ukuta anapogeuka. Akisimama chini kupumua hafutwi, akitembea anafutwa. Kwenye mchanganyiko wa mtu mmoja, yaani mbio ya mitindo yote minne, mpangilio ni kipepeo, mgongo, kifua, huru.

Ukiona refa amekosea, usimwendee. Malalamiko huwasilishwa na klabu kwa mwamuzi mkuu, ndani ya dakika 30 baada ya mbio. Mweleze kocha ulichokiona, kisha muachie.

Hatua ya 7: Shika saa

Mashindano hayaendi bila wazazi wa kupima muda, na ukijitolea utaona mbio kwa ukaribu kuliko aliyeketi na watazamaji. Anzisha saa kwa taa au moshi wa kianzishi, usingoje sauti, kwa kuwa sauti hukufikia ikiwa imechelewa. Mwogeleaji anapokaribia, egemea ukingoni utazame ukuta wenyewe, na usimamishe saa sehemu yoyote ya mwili inapougusa. Kwenye leni yenye saa tatu, mbili zikilingana huo ndio muda. Zote zikitofautiana, huchukuliwa wa katikati. Usirekebishe saa yako ifanane na ya jirani.

Hatua ya 8: Baada ya mbio na baada ya msimu

Akitoka majini, aende kwa kocha kwanza. Kwako apate taulo, maji na swali moja: "Umejisikiaje?" Maelezo ya kiwiko na pumzi yanayotoka kwa watu wawili humchanganya, na akichanganyikiwa humsikiliza mzazi hata pale kocha yuko sahihi.

Msimu ukiisha, kaeni na kocha na lile daftari la safu nne. Uliza mbio ipi imeshuka muda zaidi, ipi haijasogea na kwa nini, na kama mtoto abaki kundi lilelile au apande. Muulize mtoto pia, kabla hujalipa ada ya msimu mwingine, na umwache ajibu mwenyewe mbele ya kocha. Vazi na miwani visuuzwe kwa maji baridi na vianikwe kivulini. Vazi lililokuwa jembamba hadi kuonyesha mwili haliwezi kumaliza msimu mwingine.