Umepandishwa levo haraka? Fanya haya kabla ya kuingia danjoni

Kwenye danjo, yaani maeneo ya maadui ambayo wachezaji wa gemu za mtandaoni huingia kwa kikundi, mimi hucheza tanki, yule anayebeba mapigo ya bosi, na mchezaji aliyepanda levo kwa mteremko huwa namjua mapema. Bosi anaanza kuandaa uchawi mzito, naye anaendelea kushambulia tu. Kitufe cha kukatiza uchawi anacho, ila hajawahi kukihitaji: njia nzima maadui walikufa kabla ya kufanya lolote. Simlaumu. Gemu ndiyo iliyomnyima mazoezi.

Gemu ya World of Warcraft ilipotoka mwaka 2004, kikomo kilikuwa levo 60. Mage, yaani mchawi, alipata Polymorph (kumgeuza adui kondoo) levo ya 8, na Counterspell (kukatiza uchawi) levo ya 24, kwa hiyo kila uwezo ulikuwa na muda wa kuzoeleka mkononi. Mwaka 2014 ikawezekana kulipia na kurukia levo 90.

Basi jinyime nguvu kwa makusudi. Vua vifaa vya urithi, vile vinavyokua pamoja na levo yako, vaa vya kawaida, kisha tafuta maadui waliokuzidi levo mbili tatu. Kama gemu inawasawazisha na levo yako, pigana na watatu kwa pamoja. Unataka pambano lidumu kiasi cha kukulazimisha ujikinge.

Ondoa vitufe vyote kwenye upau. Rudisha vitatu: cha kushambulia, cha kukatiza, cha kujikinga. Ongeza kingine pale tu unapoweza kueleza kinafanya nini na ukitumie lini.

Kukatiza ndiko kunakohitaji muda mwingi zaidi. Chagua maadui wanaotumia uchawi, na macho yako yawe kwenye mstari unaoonyesha uchawi wao ukijaa. Usikatize wa kwanza unaouona! Kitufe hicho kina muda wa kusubiri, na ukikipoteza kwa kimshale kidogo, uchawi wa kujiponya utapita mbele ya macho yako. Rudia hadi uweze kuacha mdogo upite huku ukiusubiri mkubwa.

Gemu ya Final Fantasy XIV ina Hall of the Novice, mazoezi mafupi kwa tanki, mponyaji na mshambuliaji. Yafanye hata kama levo yako imeshayapita.

Ukiingia danjoni, sema mapema kwamba hupajui. Tanki makini atavuta maadui wachache. Na ukifa, kabla ya kukimbia kurudi, soma kumbukumbu ya pambano uone ni pigo gani lililokumaliza.