Sanduku la pedi za bure katika choo cha soko, Goma: jinsi ya kuliweka likadumu

Kama unataka kuweka pedi za bure katika choo cha soko, shule au kituo cha afya hapa Goma, anza na takataka kabla hujanunua pedi hata moja. Mji wetu umekaa juu ya mawe ya volkano. Kuchimba shimo la choo ni kazi ngumu, mashimo mengi ni mafupi, na likijaa si rahisi kuchimba jingine kando yake. Pedi ina plastiki, na ndani yake mna unga unaovimba ukilowa. Haiozi. Zikitupwa shimoni, choo kinajaa mapema na mpira wa kunyonya uchafu unaziba. Msimamizi ataling'oa sanduku lako, na atakuwa na haki.

Hatua ya 1: Pipa

Kila chumba cha choo upande wa wanawake kiwe na pipa la plastiki la lita 15 hadi 20, lenye mfuniko, bora lile la kukanyaga kwa mguu. La bati usinunue: klorini italila kwa kutu. Juu yake tundika vipande vya karatasi, hata ya mifuko ya simenti iliyokung'utwa vizuri, ili mtu aifunge pedi yake kabla ya kuitupa. Mwanamke asiyekuwa na cha kuifungia huona haya kuiacha pipani, na shimo liko pale pale miguuni pake.

Pipa limwagwe kila jioni, na anayelimwaga avae glavu nzito. Halafu lioshwe kwa sabuni, lisuuzwe, ndipo litiwe maji ya klorini ya 0.5%: vijiko 10 vya supu, vilivyosawazishwa, vya klorini ya unga ya 70% katika bidoni ya lita 20. Tengeneza mapya kila siku, maana nguvu yake hupungua.

Takataka zipelekwe kwenye tanuri la kituo cha afya ambacho mmekubaliana nacho mapema. Kuzichoma ndani ya pipa la mafuta nyuma ya soko hakufai: pedi mbichi haiungui, hutoa moshi tu, na kesho yake utakuta plastiki nusu.

Hatua ya 2: Mahali

Vyoo vingi vya soko hulipiwa. Sanduku likikaa ndani, baada ya meza ya malipo, pedi hiyo si ya bure tena. Liweke upande wa wanawake, nyuma ya ukuta unaokinga macho ya wapita njia, kabla ya meza. Kama jengo haliruhusu, patana na msimamizi kwamba anayefuata pedi halipi. Sheria ya Uskoti ya pedi za bure, iliyopitishwa 2020 na kuanza kutumika kikamilifu 2022, inataka pedi zipatikane kwa urahisi na kwa namna inayolinda heshima ya mtu. Kipimo hicho kinafaa hata hapa. Mama akilazimika kuomba mbele ya watu, wengi hawataomba.

Hatua ya 3: Sanduku

Pima pedi utakayonunua kabla fundi hajakata mbao. Iliyokunjwa ndani ya karatasi yake huwa na upana wa karibu sentimita 9 au 10 na unene wa sentimita 1 hivi. Ndani ya sanduku acha sentimita 2 za ziada kila upande, urefu uwe sentimita 50, na chini mbele pawe na mwanya wa sentimita 3. Mwanya wa pedi moja tu hukwama, kwa kuwa pedi za chini hubanwa na uzito wa zile za juu. Kwa sababu hiyo hiyo, usizidishe 30 kwa mara moja.

Paka rangi ya mafuta ndani na nje, la sivyo mbao zitavimba na mlango hautafunguka. Lifunge sentimita 110 kutoka sakafuni, mbali na bidoni za maji. Kwenye ukuta wa mbao, skurubu ziingie kwenye nguzo, si kwenye ubao mwembamba.

Nje andika kwa Kiswahili cha hapa: "Ni ya bure. Kamata. Usiombe mtu ruhusa." Chora na pedi, kwa wasiosoma.

Hatua ya 4: Idadi

Muulize mama anayelinda choo ni wanawake wangapi huingia kwa siku. Wakiwa 100, chukulia kwamba 15 hivi wako katika siku zao, na theluthi moja yao wamekuja bila kitu. Watu 5, pedi 2 kila mmoja, ni 10 kwa siku. Kwa siku 26 za soko ni 260, yaani pakiti 26 za pedi 10. Ongeza robo.

Nunua kwa katoni, zisizo na manukato, maana huwasha. Weka akiba ya mwezi mzima ndani ya sanduku la bati lisilogusa sakafu: mpaka na Rwanda ukifungwa, bei hupanda mara moja.

Hatua ya 5: Wiki za kwanza

Sanduku litamalizwa kabla ya saa sita. Usilete daftari la majina, wala usimwambie mama mlinzi agawe kwa mkono. Watu huweka akiba kwa sababu hawaamini kwamba kesho zitakuwepo. Jaza nusu ya pedi za siku asubuhi na nusu mchana, kila siku bila kukosa, na mbio hizo zitatulia. Toa pedi kwenye pakiti kubwa ila uache karatasi ya kila moja: pakiti nzima huuzika, pedi moja moja haina mnunuzi. Mama mlinzi alipwe kwa kazi hii, kiasi kinachojulikana, kwa tarehe inayojulikana. Asipolipwa, pipa litakuwa la kwanza kusahauliwa.

Andika mambo mawili tu: pedi ulizotia, na hali ya pipa jioni. Sanduku likiisha kila siku na pipa likabaki tupu, mulika shimoni kwa tochi. Ukiziona humo, basi mfuniko umevunjika, karatasi zimekwisha, au kuna mtu amelitoa pipa nje ya chumba. Rekebisha siku hiyo hiyo, kabla ya kujaza tena.