Kabla hujapangisha chumba nyumbani kwako Dar, soma hii

Kabla hujamwita dalali, toa hati yako ya kiwanja kabatini usome pale palipoandikwa matumizi. Kama ni makazi tu, kupangisha chumba cha mtu kulala hakuna noma, anaishi kama unavyoishi wewe. Kimbembe ni fremu, yaani chumba cha duka. Ukitoboa ukuta wa mbele ili mtu auze vocha au achomelee mageti, hiyo ni biashara kwenye kiwanja cha makazi, na kwa Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inabidi uombe kubadili matumizi kule manispaa kwako, iwe Kinondoni, Temeke, Ubungo au Kigamboni, watu wa Ilala nendeni jiji. Wengi wetu tunajenga kwanza, X nyekundu ya kubomolewa ikishachorwa ukutani ndo tunakumbuka makaratasi. Na vile vyumba vya uani navyo vinataka kibali cha ujenzi, fundi asikudanganye.

Una mke au mume? Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, nyumba ya familia hupangishi bila mwenzio kuridhia. Muwekee sehemu ya kusaini kwenye mkataba, yaishe.

Kwenye mkataba andika kodi, miezi mingapi (mi nachukua mitatu, sita naona ni kumkaba mtu), maji nani analipa, na LUKU, umeme wa kulipia kabla. Hapo LUKU ndo ugomvi wenyewe. Nilimpangisha kijana mmoja, mita moja wote, umeme nikinunua leo kesho kutwa haupo, siku nimemgongea nakuta hita ya kuchovya imezama kwenye ndoo inatokota na mwenyewe yuko kitandani anachati. Nikafunga sabmita, mita ndogo ya chumba chake peke yake, wiki hiyohiyo. Halafu kodi ya jengo tangu 2021 inakatwa humohumo kwenye LUKU, na hiyo ni ya mwenye nyumba, kwa hiyo kama token ananunua mpangaji mrudishie chake.

TRA kuna kodi ya zuio, inayokatwa kwenye pango, 10%, na mkataba unalipiwa ushuru wa stempu 1% ya pango la mwaka. Usiidharau hiyo stempu, bila hiyo mkataba wako unaweza kukataliwa kama ushahidi siku mkigombana.

Mpangaji chukua kopi ya NIDA yake, mpeleke serikali ya mtaa wamjue. Akigoma kulipa usimng'olee mlango wala bati, nenda Baraza la Ardhi na Nyumba la wilaya, maana ukilikunja bati utalinunua tena mwenyewe.