Jinsi ya Kukadiria Umbali na Muda wa Safari ya Ndege kati ya Miji Miwili

Katika kazi yangu ya kupanga safari, hukokotoa umbali kabla ya kutazama ratiba yoyote, kwa kuwa makadirio ya mkono hudhihirisha upesi muda usiowezekana au kituo cha katikati kisichotajwa. Mfano wetu ni London na New York.

Hatua ya 1: Chagua viwanja, si majina ya miji. Andika latitudo na longitudo ya kila kiwanja kwa desimali. Heathrow ya London iko nyuzi 51.47 kaskazini na 0.45 magharibi, na John F. Kennedy ya New York iko nyuzi 40.64 kaskazini na 73.78 magharibi. Kusini na magharibi hupewa alama ya kutoa.

Hatua ya 2: Tafuta umbali wa duara kuu, yaani njia fupi zaidi juu ya uso wa dunia. Usipime kwa rula juu ya ramani bapa. Dunia ni mviringo, na ndiyo maana njia fupi kutoka London huanza kwa kuelekea kaskazini-magharibi, ingawa New York iko kusini zaidi. Hakikisha kikokotoo chako kinasoma nyuzi, si radiani (kipimo kingine cha pembe). Kisha zidisha saini (kitufe cha sin) za latitudo hizo mbili. Kando yake, zidisha kosaini (cos) za latitudo hizo, na jibu ulizidishe tena kwa kosaini ya tofauti ya longitudo. Jumla ya majibu hayo mawili ni 0.645, ambayo ni kosaini ya pembe ya nyuzi 49.83. Kila nyuzi moja ina kilomita 111.2, hivyo umbali ni takriban kilomita 5,540. Ukikutana na maili, uliza ni zipi: ya baharini, itumiwayo na marubani, ina kilomita 1.852, na ya nchi kavu ina 1.609.

Hatua ya 3: Gawanya kwa kasi. Ndege kubwa za abiria husafiri kwa kilomita 800 hadi 900 kwa saa. Mimi hutumia 850, nikapata saa 6 na nusu, kisha huongeza nusu saa ya kupaa, kutua na ndege kutembea uwanjani.

Hatua ya 4: Rekebisha kwa upepo. Hapa ndipo wengi hukosea, wakidhani kwenda na kurudi ni sawa. Katika anga za juu za Atlantiki ya Kaskazini upepo mkali huvuma kutoka magharibi. Tukichukua wastani wa kilomita 80 kwa saa, kasi ya kwenda New York hushuka hadi 770 na safari, pamoja na ile nusu saa, kuchukua kama saa 7 na dakika 40. Kurudi, kasi hupanda hadi 930, nayo safari huwa kama saa 6 na nusu.

Hatua ya 5: Linganisha na tiketi. Tiketi huonyesha saa za mahali. Ukiondoka London saa 5:00 asubuhi na kufika New York saa 7:40 mchana, ongeza saa 5 ambazo kwa kawaida New York huwa nyuma, ndipo utapata saa 7 na dakika 40.