Kabla hujaja mtaani na dodoso lako

Mimi ni mratibu wa mtaa, si mtu wa chuo. Kazi yangu ni kuitisha vikao, kufuatilia kesi za wapangaji wanaotaka kutolewa, na kuzunguka maofisini kudai maji. Watafiti hunijia mara kwa mara, na wengi huanza na ombi lilelile: "Tusaidie kupata watu wa kuhojiwa." Ukifika na ombi hilo umeshachelewa. Swali umeshalitunga, bajeti imeshapita, sisi tumebakiziwa kugonga milango. Usiuite utafiti shirikishi, yaani ule ambao wakazi wanaufanya pamoja nawe tangu mwanzo.

Njoo kabla hujaandika andiko la mradi. Kaa kwenye vikao vya kawaida, nyuma, daftari likiwa limefungwa. Jambo ambalo watu wanalibishania kila kikao bila kulimaliza, swali lako limo humo. Kuna mwanafunzi alikuja akitaka kuchunguza mitazamo ya wakazi kuhusu usafi. Akina mama wakamwambia mitazamo yao haina tatizo lolote. Wao wanataka kujua kwa nini choo cha umma hufungwa usiku, ufunguo anao nani, na pesa za kiingilio zinakwenda wapi. Alibadilisha swali, na msimamizi wake akakubali.

Ukitaka kujipima, kuna kipimo cha zamani. Mwaka 1969 Mmarekani Sherry Arnstein alichora ngazi ya ushirikishwaji yenye vipandio vinane. Kuombwa maoni kipo kwenye kipandio cha nne, na yeye alikihesabu kuwa ushirikishwaji wa jina tu. Kileleni wananchi wanaamua wenyewe. Miradi mingi niliyoiona inakwama hapo kwenye cha nne, huku ripoti ikisema imefika juu.

Kisha andikianeni makubaliano, ukurasa mmoja unatosha, kwa lugha ya kila siku. Takwimu zitakaa kwa nani? Nani ana haki ya kusema jambo hili lisitoke? Nani ataandikwa jina kama mwandishi mwenza? Usiniambie tayari una kibali cha maadili na fomu za ridhaa. Fomu inamlinda mtu mmoja mmoja. Mtaa mzima haulindwi na sahihi ya mtu mmoja. Ramani inayoonyesha nyumba kwa nyumba nani amejivutia maji bila kibali ni hatari hata kama haina jina la mtu, maana atakayeisoma kwanza huenda ni yule anayetafuta sababu ya kubomoa. Ramani ya namna hiyo sisi huichora kwa ajili yetu, na ya kutoka nje huonyesha vichochoro tu.

Malipo yasikusumbue kichwa. Mkazi anayekusanya takwimu alipwe kama msaidizi wako wa chuo. Basi.

Sasa jambo ambalo waratibu wenzangu hawapendi nilitaje: usituamini sisi moja kwa moja. Nina watu wangu, na nina watu nisioelewana nao. Nikikupa orodha ya wa kuzungumza nao, itajaa wanaokuja vikaoni, na wanaokuja vikaoni mara nyingi si wapangaji wa chumba kimoja wanaorudi kazini usiku. Omba orodha yangu, halafu uniulize nani hayumo na kwa nini. Mwenye nyumba na mpangaji wake usiwaweke kikao kimoja. Mpangaji atakubaliana na kila kitu.

Kwenye kukusanya, anza na ramani ya chini. Chaki sakafuni, watu wamesimama kuizunguka. Wape wanaume zamu yao na wanawake yao, mbali mbali. Safari moja wanaume walianza na barabara kubwa, ofisi na nyumba za ibada. Wanawake walianza na bomba, kisha wakachora njia mbili za kwenda hapo, moja fupi na moja ndefu. Ile fupi mmoja wao akaifuta kwa kisigino, akasema hiyo ni ya mchana. Hakuna dodoso ambalo lingeuliza swali hilo. Na chaki asishike mwenyekiti!

Kuhesabu nako ni silaha, kukifanywa na wenyewe. Mwaka 1985 huko Mumbai, watu waliokuwa wakiishi kando ya barabara, wakihofia kuondolewa, walihesabiwa nyumba kwa nyumba kwa ushirikiano na SPARC, shirika lisilo la kiserikali la huko India. Serikali haikuwa na hesabu yao ya maana. Ukiwa na hesabu yako, unakwenda mezani na jambo la kujadili.

Matokeo yarudi mtaani kabla hayajaenda kwenye jarida. Usitume faili, yasome kwa sauti, kipande kwa kipande, jioni watu wakiwa wamerudi. Watakusahihisha. Wakipinga tafsiri yako na wewe bado unaamini uko sahihi, andika zote mbili.

Mwisho, acha nakala za karatasi kwa watu wawili tofauti, zikiwa na takwimu zenyewe na maelezo ya namna zilivyopatikana. Sisi huulizwa hizo namba na ofisa aliyekaa mbele yetu, na wakati huo simu yako huwa haipatikani.