Kabla ya Jarida Kutoa Mwito wa Makala

Idara ya chuo kikuu ikishapata kibali cha kuanzisha jarida la kitaaluma, hukimbilia jalada. Baada ya jalada ni mwito wa makala, unaorushwa kwenye vikundi vya WhatsApp vya wahadhiri wa Kenya kuanzia Njoro hadi Bungoma. Wahakiki, yaani wataalamu wanaosoma na kupima makala kabla hazijachapishwa, hukumbukwa makala zikishafika. Kwa maoni yangu mpangilio huo umepinduka: mwito uwe wa mwisho, na kabla yake dawati la uhakiki liwe limeshatayarishwa. Nasema dawati, si bodi. Maprofesa wanaoorodheshwa kwenye ukurasa wa pili wana heshima yao, ila anayepokea makala, kuzigawa, kukumbusha na kubeba lawama ni katibu au mhariri msimamizi, na ushauri huu ni wake.

Anza na hesabu ya wahakiki, maana hapo ndipo majarida mengi hukwama. Tuseme mwito utaleta makala 30. Mhariri akatae 10 hapo mezani kwa kuwa ziko nje ya mada au hazijaiva. Zilizobaki 20 zinahitaji wahakiki wawili kila moja, yaani ripoti 40. Ikiwa nusu tu ya wanaoombwa watakubali, una maombi 80 ya kutuma. Sasa fungua orodha yako. Kama ina majina 15, na wengi wao ofisi zao zinatazamana kwenye korido moja, mwito usubiri.

Orodha yenyewe isiwe ya majina matupu. Mbele ya kila jina andika uwanja mahususi wa mtu huyo, mbinu za utafiti anazozimudu, lugha anayoweza kuhakiki na mara ya mwisho alipoombwa. Anayeandikiwa tu “isimu” au “kilimo” atatumiwa kila kitu, naye atachoka. Maprofesa wanaokimbiliwa na kila jarida hukubali kwa adabu kisha wakanyamaza. Binafsi naamini zaidi katika kumwoanisha mkongwe mmoja na mtu aliyehitimu uzamifu juzijuzi. Huyu wa pili husoma hadi majedwali na kujibu mapema. Na jarida likipokea makala za Kiswahili, fomu ya uhakiki nayo iwe ya Kiswahili. Ni ajabu kumwomba mtu apime ufasaha wa lugha moja huku akijibu maswali kwa nyingine.

Waandishi wakiruhusiwa kupendekeza wahakiki, kila anwani ikaguliwe. Mwaka 2015 shirika la BioMed Central la Uingereza liliondoa makala 43 kwa sababu uhakiki wake ulikuwa wa kughushi: majina yaliyopendekezwa yalikuwa ya wataalamu halisi, lakini anwani za baruapepe hazikuwa zao. Wachapishaji wa ng’ambo hujikinga kwa kudai baruapepe ya chuo. Kwetu kanuni hiyo itawafungia nje watu wazuri, kwa kuwa wahadhiri wengi hutumia Gmail kwa kazi zote. Afadhali kulinganisha anwani na ile iliyomo kwenye makala alizochapisha mtu huyo, au kumpigia simu mwenyekiti wa idara yake. Namba ya ORCID, ile ya tarakimu 16 ya kumtambulisha mtafiti kimataifa, husaidia kutofautisha watu wenye majina yanayofanana. Haithibitishi mtu ni nani, kwa kuwa kila mmoja hujisajili mwenyewe.

Kufichana majina ndiko kunakohitaji fikra nyingi zaidi. Majarida hutangaza kwamba mwandishi hamjui mhakiki wala mhakiki hamjui mwandishi, wakadhani kufuta jina chini ya kichwa cha makala kunatosha. Jina hubaki kwenye sifa za faili la Word. Hubaki kwenye shukrani kwa msimamizi wa tasnifu, na kwenye sentensi kama “katika utafiti wetu wa awali” ikifuatwa na marejeleo. Makala inayohusu wagonjwa itataja kamati ya maadili iliyoidhinisha utafiti, labda ya Chuo Kikuu cha Maseno, pamoja na namba ya leseni ya NACOSTI, tume ya serikali inayotoa leseni za utafiti. Taarifa hizo ni za lazima, kwa hiyo zisitupwe. Zikatwe kwenye nakala ya mhakiki, zihifadhiwe dawatini, zirudishwe makala ikikubaliwa. Katibu athibitishe kwa macho yake kwamba kibali kipo, kwa kuwa mhakiki hatakiona.

Hata hivyo, kuna mada ambazo kufichana ni jina tu. Wanaochunguza gugu maji katika Ghuba ya Winam, au kupanda kwa maji ya Ziwa Nakuru, wanajuana. Wamekutana kwenye warsha na kutahiniana. Kabla ya makala ya kwanza kufika, bodi iamue: makala za namna hiyo ziende kwa wahakiki wa mbali, tuseme Mwanza au Makerere, au mhakiki aruhusiwe kueleza kwenye fomu kwamba amemtambua mwandishi kisha mhariri apime? Mimi nachagua njia ya pili, kwa sharti kwamba aliyesimamia tasnifu ya mwandishi, aliyeandika naye hivi karibuni, au anayegombea naye cheo kimoja asipewe makala hiyo kabisa. Mhariri naye akiwa na makala yake, mtu mwingine aishughulikie tangu mwanzo hadi mwisho na mfumo wa jarida wa mtandaoni umfungie asione.

Kisha weka kalenda ukutani. Wiki za kusahihisha mitihani hazitoi ripoti. Migomo ya wahadhiri nayo haipigi hodi, kwa hiyo acha nafasi. Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027. Toleo linalotegemea ripoti za mwezi huo limepangwa vibaya. Mpe mhakiki wiki nne, umkumbushe wiki moja kabla, siku yenyewe, na wiki moja baadaye. Ukumbusho wa tatu uwe ujumbe mfupi wa simu: “Habari za asubuhi, Daktari. Naomba kukukumbusha kwa heshima kuhusu ile ripoti. Ukiwa umebanwa, niambie nitafute mwingine, hakuna ubaya.” Sentensi ya mwisho ndiyo yenye kazi, kwa kuwa wengi hunyamaza kwa aibu ya kukataa. Wahakiki hawalipwi, basi barua ya shukrani yenye mhuri iwe tayari mapema. Huifaili kwa ajili ya maombi yao ya kupandishwa cheo.

Kupandishwa cheo kunaleta shinikizo jingine. Vigezo vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu huhesabu makala zilizohakikiwa, na wanafunzi wa uzamifu wanahitaji kuchapisha kabla ya kufuzu. Simu zitakuja: usaili ni Jumatatu, naomba barua ya kukubaliwa leo. Andaa barua mbili. Moja inasema makala imepokelewa na iko kwenye uhakiki. Ya pili inasema imekubaliwa, na haitoki bila ripoti mbili na sahihi ya mhariri. Dawati lenye barua ya kwanza lina kitu cha kumpa mtu bila kusema uongo.

Kuhusu pesa, neno langu ni fupi. Kama kuna ada, ilipwe kwa Paybill ya taasisi, kamwe si kwa namba ya mtu, na idaiwe makala ikishakubaliwa. Anayeamua asijue nani amelipa.

Kuhusu mfumo, majarida mengi hutumia OJS (Open Journal Systems), programu ya bure ya kuendeshea majarida iliyobuniwa na mradi wa Public Knowledge Project nchini Kanada. Inatosha. Cha kuhakikisha ni kwamba watu wawili wana mamlaka ya msimamizi, nakala rudufu hutunzwa nje ya seva ya chuo, na makala hazijadiliwi kwenye WhatsApp ya bodi. Mwaliko wa mhakiki useme wazi asipakie makala ya mtu kwenye ChatGPT au zana kama hiyo, kwani amepewa kwa siri. Asilimia ya mfanano inayotolewa na Turnitin, programu ya kulinganisha makala na maandishi ya wengine, isomwe na binadamu: orodha ya marejeleo pekee yaweza kuipandisha, na aya moja iliyoibwa yaweza kujificha ndani ya asilimia ndogo.

Mwisho, pitisha makala ya majaribio. Mmoja wa bodi awe mwandishi, wengine wawili wahakiki, mmoja wao akatae mwaliko makusudi na mwenzake achelewe. Tazama kama mwaliko ulifika au uliangukia kwenye barua taka, kama faili bado lina jina, kama katibu alijulishwa kuhusu aliyekataa, na kama ukumbusho ulitoka siku yake. Chochote kati ya hivyo kikikwama, usitangaze tarehe ya mwito bado.